Ndege wa kaskazini wakiwa Naivasha: mwongozo kamili wa siku moja, kutoka kwenye migunga hadi ziwani

Kila msimu huu napata lalamiko lile lile. Mtu ametoka Nairobi Jumamosi, amefika Naivasha saa nne asubuhi, amepanda boti, amewapiga picha viboko na mwari, na jioni anarudi nyumbani na aina 12 za ndege kwenye daftari. Wale wageni wa kaskazini aliokwenda kuwatafuta ama hakuwaona, ama aliwaona akashindwa kuwataja. Halafu anadhani kosa ni la darubini yake ya bei nafuu.

Kosa si la darubini. Karibu wote walioniandikia walikwenda mahali panapofaa kwa saa isiyofaa, kisha wakafungua kitabu kabla hawajamtazama ndege wakatosheka. Tutayarekebisha hayo mawili, hatua kwa hatua.

## Kwa nini Januari

Ulaya na Siberia zikishikwa na baridi kali, wadudu hufa au hujificha na maji huganda. Ndege wanaotegemea vitu hivyo huja kwetu. Huanza kufika Agosti, na kufikia Aprili wengi wameondoka. Januari mvua za vuli zimekwisha, njia ni kavu, na ndege wametulia sehemu zao za kulia.

Kuhusu majina: kwa Kiswahili, jina kama kitwitwi linabeba ndege wengi wanaofanana. Panapohitajika nimeandika jina la kisayansi, ili ulipate kwenye kitabu au programu yoyote bila kubahatisha.

## Vitu vya kuandaa

- Darubini ya 8x42. Namba 8 ni ukuzaji, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Usishawishike na 12 au 16: mkono ukitikisika kidogo, ndege anatoweka. Kioo cha 42 kinaingiza mwanga wa kutosha alfajiri, na alfajiri ndiyo saa yetu.
- Daftari dogo na penseli. Kalamu ya wino huvuja na kufutika kwa umande.
- Kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki chenye picha na ramani, au Merlin, programu ya simu ya kutambua ndege, iliyopakuliwa pamoja na ndege wa Kenya ukiwa bado nyumbani. Usitegemee mtandao ufukweni.
- Sweta nzito na koti la upepo. Ziwa liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri ya Naivasha huuma vidole, na vidole vilivyoganda havizungushi darubini.
- Kofia, nguo za rangi ya udongo au majani, viatu vilivyofunika kidole, maji, flaski ya chai na chakula. Shati jeupe liache nyumbani.

Kamera si lazima. Kama hii ni safari yako ya kwanza, ningependa uiache kabisa. Anayehangaika na picha hamtazami ndege.

## Hatua ya 1: Iweke darubini sawa ukiwa nyumbani

Hii inarukwa na wengi, nao hulipia siku nzima. Simama barazani, chagua kitu kisichosogea, kama maandishi ya kibao cha duka la mbali. Kunja darubini mpaka duara mbili zionekane duara moja. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka maandishi yasomeke vizuri kwa jicho la kushoto. Sasa funga la kushoto, fungua la kulia, na uzungushe pete iliyo kwenye tundu la kulia tu, bila kugusa gurudumu. Kumbuka pete ilipoishia. Kuanzia hapo utatumia gurudumu pekee.

Ukivaa miwani, shusha mipira ya machoni. Usipovaa, ivute nje.

Kisha fanya zoezi hili mara 20: mtazame kunguru juu ya nguzo kwa macho matupu, usimwachie, na uinue darubini *mbele ya macho yako yanayomtazama bado*. Ukitazama chini kutafuta darubini, ukiinua kichwa tayari hujui tawi ni lipi.

Utajua umefaulu: unampata kunguru kwa sekunde mbili, bila kumtafuta angani.

## Hatua ya 2: Lala Naivasha

Kutoka Nairobi ni kama kilomita 90, na hakuna namna nzuri ya kuwa chini ya miti saa kumi na mbili na nusu asubuhi kama umelala Nairobi. Panda matatu hadi mji wa Naivasha siku iliyotangulia, kisha nyingine inayofuata barabara ya Moi South Lake. Chagua kambi ya upande wa kusini yenye migunga mikubwa ya gome la manjano.

Upande wa kusini una faida ambayo wengi hawaijui. Ziwa liko karibu sana na ikweta, na Januari jua hupita kusini yake. Ukisimama ufuo wa kusini ukatazama maji kaskazini, mwanga uko mgongoni au ubavuni mwako karibu siku nzima. Ng'ambo ya pili ungekuwa unatazama vivuli vyeusi juu ya maji yanayong'aa.

Sehemu kubwa ya ufuo ni mali za watu, kwa hiyo uliza mapema kama kambi inaruhusu kutembea, na kiingilio ni kiasi gani. Fuo za umma zipo, kama Karagita na Kamere.

Onyo: usiku viboko hutoka majini kula nyasi, mara nyingi ndani ya kambi zenyewe. Usitembee gizani bila askari wa kambi. Na usisimame kamwe kati ya kiboko na maji. Akishtuka, njia yake ya kukimbilia ndiyo hiyo uliyosimama.

## Hatua ya 3: Anzia kwenye migunga, usianzie ziwani

Jua linachomoza baada ya saa kumi na mbili na nusu. Subiri kupambazuke kabisa, mpaka uone vizuri hatua 50 mbele yako, kisha anza upande ulio mbali na maji. Viboko wa mwisho wanarudi ziwani saa hizo, na nyati pia huweza kuwapo. Kama kuna kiongozi wa eneo, mchukue. Anajua pa kupita, na macho yake yamezoea.

Ndege wa majini watakuwapo ziwani hadi adhuhuri. Wa mitini hawakusubiri: wanakula kwa pupa saa mbili za mwanzo kwa sababu usiku umewamaliza nguvu, kisha wananyamaza.

Tembea hatua 30, simama dakika tano. Naam, dakika tano kamili, kwa kutazama saa. Dakika ya kwanza huoni kitu, kwa kuwa umewashtua wote. Ya tatu wanaanza kusogea tena. Watazame kwanza wenyeji wenye makelele: kwenzi wanaong'aa chini, kuzumburu wakiburura mikia mirefu vichakani, goregore wakipiga kelele kwa kundi huku wakichokonoa magome, kigong'ota akigonga tawi kavu. Kasuku wadogo wa kijani wenye midomo myekundu wanaopita kwa kasi si wa asili ya hapa. Wametokana na ndege walioletwa na binadamu, na spishi mbili zimechanganyika humo.

Jua likigusa vilele vya migunga, inua macho. Joto linawaamsha wadudu wa juu, na wanaowala wanawafuata.

Utajua umefaulu: kufikia saa tatu una aina 15 za ndege daftarini, na angalau mmoja ni mgeni wa kaskazini.

Onyo: usicheze rekodi za sauti kwenye simu ili kuwavuta. Ndege mwenyeji huacha kula au huacha kiota ili kumfukuza mpinzani asiyekuwapo.

## Hatua ya 4: Andika kabla ya kufungua kitabu

Hapa ndipo wengi huanguka. Ndege akitokea, mkono unakimbilia kitabu. Ukifikia ukurasa wa tatu ameruka, na unachokumbuka sasa ni picha za kitabuni.

Mtazame mpaka aondoke mwenyewe. Huku ukimtazama, jisemee kwa sauti ya chini, kwa mpangilio huu: ukubwa, umbo, anachofanya, uso, mabawa na mkia, miguu, sauti. Rangi ya mwili isikutangulie, kwa maana mwanga huidanganya. Ndege wa kijani juani ni wa kahawia kivulini. Ukubwa upime kwa ndege unaowajua: shomoro, njiwa, kunguru.

Haya ni maandishi yangu ya asubuhi moja ya Januari, kama yalivyo daftarini:

*Saa 1:20. Juu ya mgunga, mita 10 hivi. Mdogo kuliko shomoro, mwembamba. Hatulii hata kidogo, jani hadi jani, anarukia wadudu. Mdomo mwembamba sana. Mstari wa manjano hafifu juu ya jicho. Mgongo kijani-kijivu, chini umanjano mpauko. Bawa halina mistari. Miguu ya rangi ya udongo mweupe. Mlio: hu-iit, unapanda mwishoni.*

Sikuandika jina. Nilipoketi kupata chai ndipo nilipofungua kitabu, na maelezo yalibakiza jibu moja: *Phylloscopus trochilus*. Mdomo mwembamba uliwaondoa wala mbegu wote. Bawa lisilo na mistari na mstari wa jichoni viliondoa wengine, na ule mlio wa kupanda ukamaliza kazi. Ni kiumbe wa gramu kumi hivi, ambaye wenzake huzaliana kutoka Ulaya ya magharibi hadi Siberia, na hapa yuko juu ya mgunga anakula wadudu wetu. Huyu ndiye mgeni wa mitini utakayemwona mara nyingi kuliko wote, na ndiye anayepitwa na watu wengi zaidi, kwa sababu hana rangi ya kumwita mtu.

Utajua umefaulu: mtu ambaye hakuwapo anaweza kusoma maandishi yako na kuchagua picha sahihi kitabuni.

## Hatua ya 5: Ziwani kati ya saa tatu na saa tano

Sasa shuka majini. Ukitaka boti, iwe saa hizi, kwa sababu mchana upepo huamka na ziwa likachafuka. Elewaneni bei na muda kabla hujaingia, vaa jaketi la kuokolea na ulifunge. Mweleze nahodha mapema kwamba hukuja kukimbizana: injini ipunguzwe mkiwa mbali na kundi, kisha mwelee. Mkipita katikati ya kukuziwa mia mbili, mnawatimua na bata wote waliokuwa nyuma yao.

Tangu maji yalipopanda kuanzia 2019 na 2020, migunga mingi ya ufukweni imefia majini. Ile miti mikavu itazame tawi kwa tawi: minandi wakianika mabawa, mdiria, na tai mla samaki mwenye kichwa cheupe, ambaye wengine humwita furukombe. Wakati huu wa mwaka mpekue pia *Pandion haliaetus*. Naye huvua samaki, ila ni mwembamba zaidi, chini mweupe, na ana utepe mweusi unaopita jichoni hadi shingoni.

Manahodha wengi watajitolea kumrushia tai samaki ili ashuke mpige picha. Samaki mwenyewe hutiwa mafunjo ndani ili aelee. Mimi hukataa, nakuomba nawe ukatae. Ndege anayesubiri filimbi ya boti hakufundishi lolote kuhusu anavyovua.

Kwa bata, fuata midomo. Mwenye mdomo mpana kama mwiko, anayeuburuta juu ya maji, ni *Spatula clypeata* kutoka kaskazini. Mwenye shingo ndefu na mkia uliochongoka ni *Anas acuta*, naye pia ni mgeni. Mdomo mwekundu na utosi mweusi ni *Anas erythrorhyncha*, mwenyeji. Januari madume wengi wa hao wageni wawili wa kwanza wameshavaa manyoya yao mazuri, hivyo anza na madume, kisha jifunze majike walio kando yao. Yupo mgeni mwingine, *Spatula querquedula*, ambaye dume lake huchelewa kuvaa. Ukimwona bata mdogo wa kahawia mwenye mistari usoni, mwandike kwa uangalifu.

## Hatua ya 6: Vitwitwi, na jinsi ya kuwatenganisha

Tafuta tope au nyasi zilizofunikwa na maji kidogo. Keti chini. Ukisimama wima, umbo lako linaonekana angani nao wanahama. Ukiketi, baada ya dakika kumi wanakupita mbele ya miguu. Nimewahi kumsogelea mmoja mara nne na mara nne akaruka. Nilipochoka nikaketi juu ya gogo, alirudi mwenyewe hadi hatua saba kutoka nilipo, nikaweza kuona tone la maji likining'inia kwenye ncha ya mdomo wake.

Anza na mwenyeji awe kipimo chako: *Charadrius tricollaris*, mwenye mikanda miwili myeusi kifuani na pete nyekundu jichoni. Ukishamjua huyo, wengine utawalinganisha naye.

Anayetikisa mkia bila kukoma, mgongo wa kahawia usio na madoa, na weupe wa tumbo unaopanda mbele ya bega kama kabari: *Actitis hypoleucos*. Akiruka anapita chini sana juu ya maji, mabawa yakitetemeka mtetemo mfupi mfupi. Kwa kawaida yuko peke yake.

Mwenye mgongo wa madoa madoa meupe, nyusi nyeupe ndefu na miguu ya kimanjano: *Tringa glareola*. Ndugu yake *Tringa ochropus* ni mweusi zaidi, nyusi yake inaishia jichoni, na akiruka unaona ndege mweusi mwenye kiuno cheupe pe.

Mwembamba, miguu mirefu, mdomo kama sindano: *Tringa stagnatilis*.

Mwenye kichwa kidogo, shingo ndefu na mgongo kama magamba ya samaki: *Calidris pugnax*. Mtego uko hapa: dume ni mkubwa kuliko jike kwa kiasi kikubwa, na watu huwaandika kama ndege wawili tofauti.

Mdogo kama shomoro, miguu myeusi, anayekimbia na kudonoa kama cherehani: *Calidris minuta*.

Siku ya kwanza ukiwatambua watatu kati ya hao sita kwa hakika, umefanya vizuri sana. Usijilazimishe jina. Andika miguu, mdomo, madoa, na kiuno alivyoruka.

## Hatua ya 7: Mchana, pumzika na utazame juu

Kuanzia saa sita mpaka saa tisa ndege wengi hukaa kivulini, nawe fanya hivyo. Kula, linganisha daftari na kitabu. Lalia mgongo kidogo: hewa ya moto inapopanda, tai na mwari huipanda wakizunguka bila kupiga bawa, na utawaona wengi kwa mlalo huo kuliko kwa kutembea.

## Hatua ya 8: Oloiden, kisha mbayuwayu wa jioni

Saa tisa na nusu chukua bodaboda hadi Oloiden, ziwa dogo lililo kusini-magharibi. Kwa miaka mingi maji yake yalikuwa na magadi zaidi ya Naivasha, na miaka mingine heroe hukusanyika hapo. Miaka mingine hawapo, kwa kuwa chakula chao hufuata hali ya maji. Pitia majani mafupi ya kando yake polepole: ndege mwembamba wa manjano anayetembea miguuni mwa ng'ombe akitikisa mkia ni *Motacilla flava*, mgeni, anayekamata wadudu wanaotimuliwa na kwato.

Saa kumi na moja rudi kwenye kambi yako, pahali palipoinuka penye kuonekana matete na mafunjo. Mbayuwayu wa Ulaya, wenye koo la kahawia-nyekundu na mkia uliogawanyika, huruka siku nzima wametawanyika. Jua likishuka hukusanyika ili kulala kwenye matete. Kwanza utawaona watano, kisha hewa yote inajaa, wanazunguka, wanashuka, wanapanda tena, halafu ghafla mbingu iko tupu.

Onyo: saa kumi na mbili na robo uwe umeshaondoka ufukweni. Viboko nao wanatoka saa hiyo.

## Hatua ya 9: Orodha, usiku huo huo

Usiache hadi kesho. Hesabu ndege uliowatambua kwa hakika, waweke peke yao, na uwaingize kwenye eBird au Kenya Bird Map, hifadhi za mtandaoni za kumbukumbu za ndege, kwa tarehe na mahali. Aina 25 za hakika ni siku njema kwa anayeanza. Waliozoea hufikisha mara kadhaa ya hapo. Ukitaka kujifunza pamoja na wengine, shirika la uhifadhi la Nature Kenya huwa na matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi jijini Nairobi, na kila Januari watu wa kujitolea husaidia kuhesabu ndege wa majini kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, Naivasha likiwamo.

Wale waliobaki na alama ya kuuliza usiwafute. Andika kando yao mahali hasa uliposimama: gogo lipi, ghuba ipi, mti upi. Kitwitwi wengi hushika kipande kimoja cha ufuo kwa wiki kadhaa, na Jumamosi ijayo yule aliyekushinda anaweza kuwa pale pale, akitikisa mkia.